Nyayo Juu ya Paa Jipya

Mimi nililitaka lile paa, na sioni haya kusema. Watu wa kijiji chetu cha Bamgol wakisimulia habari zetu hupenda kumtupia lawama Pilsu, kiongozi wetu wa Kijiji Kipya, ule mpango wa serikali wa kugeuza vijiji, eti ndiye aliyetupanda vichwani. Wanaosema hivyo wengi wao ni wanaume. Kila mwaka mpunga ukishavunwa tulikaa uani kusuka mabua mpaka vidole vikachubuka, tukaezeka upya, na kabla mwaka haujageuka yameshaanza kuoza na funza weupe wanene wanadondokea kwenye supu. Mama mkwe wangu aliwaokota, akawakausha, akasema ni dawa ya ini. Mimi nilisema ni funza.

Kwa hiyo serikali ilipoleta saruji, na spika ya pale kwenye ghala la kijiji ikaanza kutuamsha alfajiri kwa muziki wa kuhimiza kazi, nilikuwa wa kwanza kufunga kitambaa kichwani na kubeba karai. Tulipanua njia, tukajenga daraja, kisha ikafika zamu ya mapaa. Wakaguzi wa wilaya walikuwa njiani. Nyumba zote zinazoonekana kutoka barabara kuu zilitakiwa ziwe zimeshavua mabua, na yetu ndiyo iliyoonekana kwanza.

"Nipeni siku chache tu," mama mkwe alimwambia Pilsu. Kijijini walimwita Bi Namgok, kwa jina la kijiji alikozaliwa. "Siku hizi mkosi umekaa upande wetu. Nyumba haiguswi ovyo. Ukimgusa mwenye nyumba bila kumuaga, anauma."

"Mwenye nyumba si Yongtaek huyu hapa?" Pilsu akacheka.

"Yongtaek mpangaji tu. Mwenye nyumba yuko pale."

Alinyoosha kidole kwenye boriti kuu ya paa. Hapo palifungwa bunda la karatasi, zamani jeupe, sasa jeusi kwa masizi. Ndipo alipokaa Seongju, mlinzi wa nyumba. Kila mavuno mama mkwe alimpelekea mchele mpya kabla sisi hatujatia punje mdomoni.

"Bi Namgok, wakaguzi hawana kalenda ya mikosi," Pilsu akasema. "Wanayo ya ofisini tu, na Jumatatu wapo hapa."

Yongtaek, mume wangu, alisimama katikati yao akijikuna shingo. Alikuwa mtu laini, hajui kumkatalia mtu, na mama yake ndiye ambaye hakuwahi kumkatalia kabisa. Siku hiyo alinitazama mimi kwanza. Mimi nikatazama juu kwenye yale mabua. "Tumalize tu, Mama," akasema. "Baridi inakuja."

Vijana wakapanda. Mabua yakaja chini tabaka kwa tabaka, ya baba mkwe, ya babu mkwe, shomoro wakaruka kwa makelele, vumbi likafunika ua mzima. Udongo uliokuwa chini ya mabua ulikuwa umevimba, nao wakauporomosha, na badala yake tukatandazia dari ya karatasi kwa ndani. Bunda la Seongju likaanguka pamoja na udongo. Kijana mmoja akaliokota kwa ncha ya koleo, akalitupa kwenye moto uliokuwa ukichoma mabua mabovu.

Mama mkwe aliliona likiwaka. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale uani, akafumba macho, akaanza kuomba radhi kwa sauti ya chini, anataja majina yetu mmoja mmoja. Alipofika kwenye jina la mwanangu Hyesuk, niliinuka nikaingia ndani. Nikajifanya nina kazi jikoni.

Paa jipya lilikuwa la mabati ya saruji, si ya chuma, yale magumu ya kijivu yenye mawimbi, tukayapaka rangi ya samawati. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilikuwa natoka mpaka barabarani ili nigeuke tu niitazame nyumba yangu. Chumba cha ndani nacho wakakibomoa sakafu. Kuni zilikuwa zimekatazwa, milima yetu ilikuwa na upara, kwa hiyo Pilsu akatuwekea jiko la madonge ya makaa ya mawe, joto lake lipite chini ya sakafu ya saruji. Milango ya karatasi tukaipa vioo. Mama mkwe na Hyesuk walilala humo, upande wa jiko, ndio upande wa heshima kwa kuwa ndio wenye joto. Mimi na Yongtaek tulibaki chumba cha pili, ambacho hakijafikiwa, tukichoma maganda na vijiti vya kuokota.

Wakaguzi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kisha baridi ikashuka, na nyayo zikaanza.

Mwanzoni nilimcheka mama mkwe. Tulikuwa tunakula asubuhi, Bi Namgok akaweka kijiko chini.

"Mnasikia?"

"Tunasikia nini, Mama?"

"Anatembea. Anatafuta pa kukaa."

Juu ya vichwa vyetu palilia tak, kimya, tak, tena kule mwisho wa paa. Yongtaek akasema ni mabati yanakakamaa kwa baridi, jua likipanda yanalegea. Maneno ya maana kabisa. Lakini mabua hayakuwa na sauti. Maisha yangu yote nimeishi chini ya paa bubu, na sasa kila kilichogusa nyumba yetu kilisema: shomoro, mvua, tawi. Sikio lilikuwa halipumziki.

Kisha Hyesuk akaamka anatapika. Alikuwa na miaka mitano, mtoto wa maneno mengi, lakini asubuhi hiyo aliniegemea begani hana neno. "Kichwa kinagonga, Mama," akasema. Nilimtoa uani kumwosha uso; kufika adhuhuri alikuwa anakimbiza kuku. Nikasema alikula matunda mengi ya persimoni. Siku iliyofuata ikawa vile vile, na bibi yake naye hakuweza kusimama bila kushika ukuta.

Nilikwenda kwa Pilsu. Sikumwambia habari za nyayo, maana angenicheka. Nilimuuliza habari za gesi ya makaa, kwa sababu nilishasikia kwamba huko mjini inaua watu vitandani.

"Shemeji, hiyo ni gesi ya mjini," akasema. "Huko mafundi wanaiba saruji, sakafu inapasuka. Yako nimeichanganya kwa mikono yangu mwenyewe. Hata ng'ombe wako akicheza ngoma juu yake haipasuki." Akaja mpaka nyumbani, akapiga mguu sakafuni mara kadhaa, akainama kunusa. "Unasikia harufu? Hamna kitu. Wazee wana baridi ya mifupa tu. Ongeza donge la makaa."

Nikaongeza.

Jirani yetu Bi Ansil, ambaye kila siku alikuja na kisu chake tumenye figili pamoja, akaacha kuja. Nikamkuta kisimani, nikamwambia, "Vipi shoga, tumekukosea?" Akaangalia ndoo yake. "Si wewe, Mama Hyesuk. Ni nyumba yenu. Watu wanasema mmemchoma mwenye nyumba akiwa hai." Nikamjibu jibu ambalo haliandikiki. Lakini nilipobeba maji kurudi na kuliona lile paa la samawati juu ya miti sikulipenda tena. Liliniogopesha. Ndiyo, mimi niliyewacheka funza wa dawa niliiogopa nyumba yangu mchana kweupe.

Maana kufikia hapo nilikuwa nimeshasikia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa chumba cha ndani alasiri, nashona koti la Hyesuk, mlango umefungwa kwa upepo. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikasikia hatua, si tak ile ya mabati, bali hatua, nzito, zinatoka upande wa jiko mpaka juu yangu, zikasimama. Nikainua macho. Dari ya karatasi ilikuwa inapanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaanguka uani nikihema, sindano bado mkononi. Nilipopata nguvu nikaenda kutapika nyuma ya ghala. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba mama mkwe alikuwa kweli?

Siku ya uji wa maharage mekundu, siku ile fupi kuliko zote za mwaka, Bi Namgok alipika sufuria kubwa, akanyunyiza uji kwenye miimo, kwenye kuta, kwenye ngazi, mahali popote kibaya kinapoweza kupita. Ukuta mweupe wa saruji ukachirizika wekundu. Kisha akanitaka nichemshe gundi ya mchele tuzibe nyufa zote za madirisha na mlango kwa karatasi, pasibaki hata tundu la sindano. Tukaziba. Kwangu ilikuwa faraja kufanya kitu kwa mikono.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, aliniita.

"Mkwe, mtoto leo analala kwenu."

"Kwetu kuna baridi, Mama. Ataugua."

"Heri augue." Alikuwa amekaa upande wa jiko, uso umekuwa mwekundu wenye afya, ungedhani amepona. "Kila asubuhi namhesabia pumzi. Zinapungua. Anayetafutwa humu ndani ni yeye, kwa sababu ndiye mdogo. Sasa Seongju atanikuta mimi peke yangu, tuzungumze. Nilimlisha miaka yote hiyo. Hatanikosea adabu."

"Njoo nawe kwetu, Mama. Tulale wote."

"Chumba kikiachwa kitupu atamfuata mtoto huko huko. We, hebu acha ubishi mara moja tu katika maisha yako."

Nilipiga magoti, nikamshika mikono. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nililia mbele yake, na yeye, mwanamke ambaye hakuwahi kuisifu hata supu yangu, alinipangusa machozi kwa ukosi wa koti lake. Akasema nimchukue mtoto. Nikambeba Hyesuk, nikafunga mlango, karatasi mpya zikakaza.

Asubuhi theluji ilikuwa imefunika ua. Nilileta maji moto ya kunawa, nikaita, nikaita tena, nikavuta mlango mpaka karatasi zikachanika. Alikuwa amelala chali, mikono kifuani, mashavu mekundu kama bibi harusi. Nilimtikisa. Kichwa kikalegea upande wa pili.

Yongtaek alikuja mbio bila viatu. Alimwita mama yake kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kisha akanyamaza, akachomoa pamba kwenye mto, akaweka uzi mdogo chini ya pua yake, kama tunavyofanya kwa mgonjwa anayeondoka. Pamba ikitikisika, bado yupo. Tuliinama wawili, vichwa vinagusana, tukaitazama ile pamba. Haikutikisika. Tuliitazama mpaka kichwa changu kikaanza kugonga, nikadhani ni uchungu.

"Mama amekwenda," Yongtaek akasema.

Tukatoka, akarudisha mlango taratibu ili asisumbuliwe. Bi Ansil na majirani wengine walikuwa wamesikia sauti ya Yongtaek, wamesimama langoni. Hakuna aliyevuka. Mtu akifa kwetu, kabla hajaliliwa, lazima aitwe. Mtu hupanda juu ya paa na koti la marehemu, analipunga akielekea kaskazini, anataja jina mara tatu na kusema rudi. Huenda roho haijafika mbali. Kazi hiyo si ya mtoto wa marehemu, ni ya jirani. Yongtaek aliwatazama majirani zake, wanaume aliopanda nao mpunga tangu utoto, kila mmoja akatazama theluji.

"Nani atanipandia?" akauliza.

Akamgeukia mume wa Bi Ansil.

"Baba yangu alipokufa, Baba Ansil, si wewe uliyepanda?"

"Wakati ule lilikuwa paa jingine, Yongtaek," mzee akajibu. "Hili lina mtu juu yake."

Mume wangu mpole akanyoosha mkono. Nikampa koti la mama yake, lile la pamba lenye ukosi niliopanguswa nao. Akaegemeza ngazi. Nilitaka kumwambia asiende, lakini kumzuia mtoto asimwite mama yake ni jambo gani? Alipanda. Theluji ilificha mabati, hapakuonekana mbao ziko wapi wala misumari iko wapi. Alitembea kama alivyotembea miaka yote juu ya mabua, wayo mzima, bila hofu ya paa, hofu yake yote ikiwa kwa mama yake. Akafika katikati. Akalipunga koti.

"Mwanamke wa Namgok, mke wa Bamgol, rudi!" Sauti ikaenda mpaka mlimani. "Rudi, Mama!"

Ya tatu hakuiita. Palisikika mlio kama chungu kinachopasuka, na mume wangu hakuwepo tena juu ya paa. Kisha kishindo, ndani, juu ya ile sakafu.

Nilivuta mlango. Tundu kubwa lilikuwa limefunguka juu, theluji na vipande vya karatasi vinashuka pamoja. Yongtaek alikuwa amelala ubavu kwa ubavu na mama yake. Kichwa chake kilikuwa kimegonga ukingo wa sakafu. Macho yalikuwa wazi.

Pilsu alifika wakati huo, amekimbia kutoka ghalani. Alisimama mlangoni akavuta pumzi, akarudi nyuma, akashika pua. "Gesi," akasema. "Gesi! Watoeni!" Akaingia, akapiga kioo kwa kiwiko, akamkamata Bi Namgok chini ya makwapa, akamburuta mpaka uani, akamlaza kifudifudi, uso kwenye udongo baada ya kupangua theluji, ili udongo unyonye gesi. "Maji ya figili, haraka! Bi Ansil, leta maji ya kimchi, yale ya figili zilizochachuka, yakate gesi!" Mkeka ulikuwa umesogea pale mama mkwe alipoburutwa. Chini yake, upande wa jiko, upande wa heshima, niliona ufa mweusi mwembamba unaotoka ukutani mpaka mahali ulipokuwa mto wake.

Tukamtoa Yongtaek pia, tukamlaza kando yake.

Bi Namgok alikohoa. Wanawake wakapiga yowe na kukimbia mpaka langoni. Akakohoa tena, akatapika, akafungua macho. Alikuwa hai. Alikuwa hai muda wote tulioitazama ile pamba, alikuwa hai Yongtaek aliposema amekwenda. Niliielewa hesabu yote mara moja, na ndiyo hofu kubwa kuliko zote nilizowahi kuonja, kwa sababu hapakuwa na mtu juu ya paa. Hapakuwa na mtu hata siku moja.

"Nani kaniita?" akauliza. Ulimi ulikuwa mzito. "Nimesikia naitwa."

Akageuza uso, akamwona mwanawe. Akaona koti lake mwenyewe kwenye ngumi yake. Akainua macho kwenye lile tundu, kisha akamtazama tena, muda mrefu. Sikuweza kumshika. Pilsu alikuwa amepiga magoti, uzi wa pamba mkononi, anauweka chini ya pua ya mume wangu, mkono wake unatetemeka kiasi kwamba pamba ilitikisika, sote tukashtuka kwa tumaini, kisha akaushika mkono kwa mkono mwingine, na pamba ikatulia.

"Aitwe," Bi Ansil akasema akilia. "Jamani, naye aitwe."

Nikaleta koti la Yongtaek la kazini. Safari hii walijitokeza wanaume wanne. Pilsu aliwapita wote, akavua viatu, akaweka mguu kwenye ngazi. "Mtu akanyage penye misumari," alikuwa anajisemea, "penye misumari, si katikati." Bati la ukingoni likalia, ufa ukakimbia mpaka juu kutoka kwenye lile tundu. Akashusha mguu. Akaupandisha tena. Akashindwa, akakaa kwenye theluji chini ya ngazi, akaficha uso.

Hivyo tukabaki na koti. Paa letu jipya halikuweza kumbeba mtu, na mabua yalishakuwa majivu.

Bi Namgok akajiinua. Alitambaa kwanza, kisha akashika ngazi, akasimama. Akanyoosha mkono nikampa lile koti. Mama hamwiti mwanawe. Ni kinyume cha mpango wote wa dunia, na wazee waliokuwepo walijua, lakini walimwacha. Alibaki pale chini, akaelekea kaskazini, macho ameyainua kwenye paa, akalipunga koti.

"Yongtaek wa Bamgol, rudi," akasema, na sauti ikakatika. Akameza mate. Akaanza upya, na sasa hakuwa anaita kama wanavyoita wafu, alikuwa anaita kama nilivyomsikia akimwita miaka yote, akiwa kwenye mti wa persimoni, akiwa kondeni, chakula kikipoa.

"We Yongtaek! Mama yupo, amesharudi. Shuka sasa. Shuka polepole, mwanangu. Usikanyage katikati."